Nikahi ni Desemba na utosi ushaanza kung'aa: niende Istanbul nikapandikize nywele?

Assalam aleikum Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Kisauni, nafanya kazi duka la hadwea huko Kongowea. Nywele zilianza kunitoka zamani kidogo, kwanza panja zikaingia ndani taratibu alafu sasa utosini napo ngozi yaonekana, nikisimama chini ya taa hakuna kuficha. Babangu na ami zangu wote wana upara kwa hivo najua ni ya ukoo sio maradhi. Nishapaka habasoda, nshapaka maji ya kitunguu mpaka mto ukanuka, hakuna kitu.

Sasa nina mchumba na nikahi inshallah ni mwezi wa kumi na mbili. Yeye hajawahi kuniona kichwa wazi, kila nikienda kwao niko na kofia, na kazini niko na kepu. Barazani wenzangu wananiita mzee, nacheka nao lakini roho yauma sana Shangazi, hata picha sipigi tena.

Kakangu aliye Dubai amesema atanilipia nikapandikize nywele Uturuki. Nimepata mtu wa WhatsApp ambaye ni ajenti wa kliniki ya Istanbul, nimemtumia picha za kichwa akanijibu siku hiyo hiyo, grafti 5,000, yaani vifungu vya nywele, kwa siku moja, dola 2,200 pamoja na hoteli na kuchukuliwa ea-poti, na garantii ya maisha. Ila ofa yaisha Ijumaa na ataka dipoziti. Mpango wangu niende mwezi wa kumi, ikifika harusi nywele ziwe zimejaa.

Je yauma? Zitakuwa zimetoka kufikia Desemba? Na swala itakuwaje, manake nasikia huwezi kusujudu, na kuna mmoja msikitini ameniambia ni haramu kabisa. Nywele zangu ni za kipilipili kama itasaidia kujua. Jioni natafuna muguka kidogo na sigara moja moja. Kitu kingine ni kidogo tu, kisogoni nina vipele vinatoka nikinyolewa na mashine, vingine vimekuwa vigumu haviondoki, nadhani hivo si shida.

Nisaidie kabla ya Ijumaa.

Kijana wa Kisauni

*

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba. Dipoziti usitume. Hilo nalitanguliza ili hata kama hutamaliza kusoma yaliyobaki uwe umelipata.

Barua yako nimeisoma yote na kile ulichokitia mwisho mwisho ukakiita kidogo ndicho kilichonishtua zaidi, hivo vipele vya kisogoni. Wajua hizo nywele za kupandikiza zatolewa wapi? Zatolewa hapo hapo kisogoni. Hakuna nywele mpya zinazotengenezwa, ni zako mwenyewe zahamishwa kutoka nyuma zaletwa mbele, basi. Na sababu ya kuchukua nyuma ni kwamba upara wa ukoo unaletwa na homoni moja yaitwa DHT ambayo yadhoofisha mizizi ya mbele na ya utosini kwa waliorithi hali hiyo, lakini mizizi ya kisogoni na ya pembeni mara nyingi haiisikii. Mwaka 1959 daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, aliandika kwamba ukiuhamisha mzizi wa nyuma ukaupeleka mbele unabaki na tabia yake ya nyuma, na kazi yote inayofanywa leo imesimama juu ya hilo. Kwa hivo kisogo chako ndio ghala lako, na wewe waniambia ghala lina vipele visivyoondoka.

Vipele vya namna hio madaktari wa ngozi wanaviita akne keloidalisi, na wanaopata sana ni wanaume wenye nywele za kipilipili wanaonyolewa chini kabisa na mashine. Vikikaa vinageuka makovu magumu na penye kovu nywele hufa. Tena vyaweza kuwa ni ishara kwamba ngozi yako yapenda kufanya makovu ya kuvimba, keloidi, na sisi watu weusi hilo tunalo zaidi kuliko wengine. Sasa fikiria mtu akutoboe matundu maelfu mahali hapo hapo. Sikwambii ndio basi hufai, la, kuna wanaotibiwa vikatulia na baadae wakapandikiza vizuri, lakini wa kuamua hilo ni daktari wa ngozi aliyekishika kisogo chako kwa mkono wake akakiangalia na lenzi, si mtu aliyeona picha tatu kwenye simu. Na mtajie pia kama una kovu la kuvimba popote, kifuani, sikioni, pale ulipochanjwa. Wengine hutobolewa tundu chache za kujaribia kwanza, wakangoja miezi waone ngozi itajibu vipi, na mimi ningependa wewe ufanyiwe hivo. Huko kinyozi nako, kuanzia leo mwambie asipitishe mashine chini kabisa kisogoni, aache nywele kidogo.

Haya tuje kwenye harusi. Ukifanya mwezi wa kumi, Desemba waweza kuwa na nywele chache kuliko ulizonazo leo. Najua utasema Shangazi wanitisha, lakini ndivyo yalivyo na ajenti wako ama hajui ama hataki kukwambia. Baada ya kupandikizwa, kati ya wiki ya pili na ya nane hivi zile nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote, mzizi wabaki ndani umelala, unywele waenda. Na wakati mwingine hata zile zako za zamani zilizokuwa jirani hushtuka nazo zikadondoka kwa muda. Mwezi wa tatu au wa nne ndio zaanza kuchungulia, nyembamba, zimepinda, nyingine na vipele. Mwezi wa sita ndio mtu aona kitu. Matokeo yenyewe ni mwaka mzima, na utosini ndio pachelewa kabisa, yaweza kufika mwaka na nusu. Kwa hivo hesabu zako za mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili hazisimami hata kidogo, utaingia kwenye ndoa mbele hakujatoka kitu, kichwa labda bado chekundu au cheusi kwa madoa, pengine ganzi haijaisha vizuri kisogoni, na mfuko wa kakako umetoboka.

Tena siku ya nikahi wenyewe si utavaa joho na kilemba? Hakuna mtu atakayeona kichwa chako siku hio. Atakayekiona ni mkeo, na yeye nitarudi kwake.

Umeuliza kama yauma. Kinachouma ni sindano za ganzi, hizo zauma kweli, zachomwa nyingi kuzunguka kichwa na ngozi ya kichwa ni ngumu. Dakika kadhaa za kukaza meno. Baada ya hapo husikii maumivu, wasikia mguso na sauti tu. Kwanza wakunyoa, alafu daktari anakaa anachora mstari wa mbele kwa kalamu, na hapo usiwe na haya, simama mbele ya kioo ukatae kama mstari umeshuka sana, manake mstari wa mtoto wa miaka 16 kwenye uso wa mtu wa miaka 50 utakuja kukusumbua. Kisha walala kifudifudi. Kwa njia inayotumika sana sasa, FUE, wana kimashine kina ncha ya duara upana wake karibu milimita moja, chazunguka kwenye kila kifungu cha nywele kisogoni, tik tik tik masaa mawili matatu, na fundi mwengine avuta kila kimoja kwa kibano akipanga kwenye kisahani chenye maji maalum ya baridi. Ukikiangalia kimoja karibu utaona nywele moja hadi nne zimetoka pamoja, na chini kinyama cheupe kidogo kimeshikilia mzizi. Hio ndio grafti. Kikikauka chafa, kikibanwa vibaya chafa. Alafu wageuzwa chali, vipasuo vidogo vyafunguliwa mbele na kila grafti yaingizwa kwa mkono, ielekee upande nywele zako zinakolala. Kazi yote yachukua masaa sita hadi nane, katikati wapewa chakula, wenda msalani, warudi. Kuna njia ya pili, FUT, wakata ukanda wa ngozi kisogoni wakashona, yaacha kovu refu la mstari. Kwa mtu wa keloidi na mwenye kupenda kunyoa chini kama wewe hio sikushauri.

Hapo kwenye kipilipili ngoja nisimame kidogo, umesema kama itasaidia kujua, yasaidia sana. Nywele yetu haijapinda nje tu, na chini ya ngozi imepinda vile vile. Kimashine chazunguka wima, mzizi umekunja kona, wakatwa katikati. Daktari asiyezoea nywele zetu aweza kuharibu grafti nyingi na wewe usijue mpaka mwaka upite uone hazikutoka. Kwa hivo usiangalie picha za Wazungu na Waarabu wenye nywele laini, mwambie akuonyeshe watu wenye nywele kama zako, kichwa kilivokuwa na kilivo baada ya mwaka, na kisogo pia. Lakini kuna raha yake pia, kipilipili kikikubali chafunika sana, unywele mmoja uliojikunja waziba nafasi kubwa kuliko ulionyooka, kwa hivo huhitaji grafti nyingi kama wao.

Na ndio maana hio 5,000 kwa siku moja yanitia hofu. Mara nyingi kikao kimoja ni 2,000 hadi 3,000. Akiba ya kisogo cha mtu ina mwisho wake, watu wengi hawavuki 6,000 hivi maisha yao yote, sasa ukizimaliza na miaka 28 na upara wako bado watembea, utafanya nini na miaka 40? Nywele zilizopandwa zitabaki, zile zako za nyuma yake zitaendelea kuondoka, ubaki na nywele mbele kama kisiwa na bahari nyuma yake. Nimemuona kijana mmoja wa hivo hapa mjini, kila siku kepu, na yeye alikuwa anakimbia kepu. Kwa hivo kabla ya kupandikiza yatakiwa uuzuie huo upara usiendelee. Kuna dawa mbili ambazo zimefanyiwa kazi vya kutosha, minoksidili ya kupaka, na finasteridi ya kumeza miligramu 1 kwa siku ambayo Marekani iliiruhusu kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Zote zahitaji miezi, na ukiacha faida yaondoka. Minoksidili mwanzoni yaweza kudondosha nywele kidogo kabla ya kuotesha, usitishike. Finasteridi kuna wachache inawapunguzia hamu ya tendo la ndoa, na kwa bwana harusi hili si la kunong'onezwa, ongea na daktari kabla ya kumeza na usinunue ya kupewa na rafiki. Na mkeo akishika mimba asishike vidonge vilivovunjika, vyaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Wewe hujanitajia hata moja kati ya hizi, umetoka kwenye kitunguu ukaruka mpaka Istanbul.

Swala sasa. Siku za mwanzo huambiwa usiinamishe kichwa, kwa sababu mbili. Moja ni kwamba grafti huchukua kama siku kumi kushika vizuri, na mstari wa mbele uko karibu sana na pale unapoweka paji la uso. Ya pili ni uvimbe. Maji yale ya ganzi hushuka, siku ya pili mpaka ya nne paji lavimba, wengine hadi macho yafunga nusu, mtu aliyekuona atadhani umepigwa. Hupungua wenyewe. Walala umeinua kichwa kwa mito usiku kadhaa, chali. Kwa mgonjwa kuswali kwa kukaa na kuashiria ni ruhusa inayojulikana, lakini muda gani na josho la janaba utalifanya vipi wakati kichwa hakitakiwi kumwagiwa maji kwa nguvu, hayo kaa na imamu wako mueleze ulivoambiwa na daktari, na uyaulize kabla ya kwenda sio ukiwa huko. Kuhusu uharamu, maulamaa wengi wa zama hizi wameruhusu, wanasema ni kurudisha kilichoondoka na ni nywele zako mwenyewe, si sawa na kuunganisha nywele za mtu mwengine jambo ambalo limekatazwa, na huitaja ile hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, kipara na kipofu, ambapo malaika alimpangusa yule kipara akapewa nywele nzuri. Huyo wa msikitini mheshimu, lakini usiibebe kauli yake peke yake.

Mengine ya kutarajia nitayapitia haraka. Magaga madogo madogo juu ya kila tundu, hutoka kwa kuoshwa pole pole, wiki moja hadi mbili yamekwisha, usiyabandue na kucha hata yakiwasha vipi. Magunia ya saruji hubebi kwa wiki mbili hivi, mwambie tajiri wako mapema. Baharini hapana kwa mwezi mmoja. Kofia ya kubana hapana siku za mwanzo, kepu pana isiyogusa ndio daktari atakwambia lini. Jua letu nalo, na jasho, ukifanya wakati wa kaskazi utateseka, mimi ningekwambia ungoje kusi, mwezi wa sita wa saba kuna upepo na joto limepungua. Muguka na sigara acha wiki kadhaa kabla na baada, muguka wapandisha presha na mapigo ya moyo na ganzi yenyewe ina adrenalini ndani yake, sigara yabana mishipa na mizizi mipya yaishi kwa damu tu. Kama una presha au sukari, au wameza dawa yoyote ya kufanya damu kuwa nyepesi, mwambie daktari yote, usifiche. Na ukirudi nyumbani ukaona homa, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ngozi kuwa nyeusi mahali, usingoje ajenti akujibu WhatsApp, nenda hospitali usiku huo huo.

Istanbul yenyewe siikatai. Kuna madaktari wazuri sana huko na watu wamerudi wamefurahi, bei pia ni ya chini ndio maana watu waenda. Tatizo ni zile kliniki ambazo daktari ni picha ukutani, wanaokata na kupanda ni watu wasio na leseni na vichwa ni vingi kwa siku moja. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji, ISHRS, kina kampeni nzima ya kuonya watu juu ya hilo. Kwa hivo muulize maswali haya: daktari anaitwa nani jina kamili, nani atatoboa na nani atapasua vile vipasuo vya mbele, siku hio atakuwa na wagonjwa wangapi. Kama ni hapa Kenya, daktari na kliniki yake waweza kuwatafuta kwenye rejista ya KMPDC, lile baraza linalosimamia madaktari, iko kwenye mtandao. Garantii ya maisha hakuna daktari mkweli atakayekupa, na anayekwambia uamue juu ya kichwa chako kufikia Ijumaa hakutakii heri.

Na mchumba wako. Mwanangu mwambie. Si lazima uende ukavue kofia mbele ya mamake na shangazi zake, mpigie simu jioni mmoja tulivu umwambie mimi nina upara wa ukoo, umeanza mapema, umeniuma, na nafikiria kuutibu mwaka ujao. Maneno hayo hayazidi dakika mbili. Anaolewa na wewe na atakiona hicho kichwa usiku wa kwanza, bora akione anajua kuliko akione ashangae, alafu ajiulize ni kipi kingine. Mimi nimekaa na wanawake wengi wakilalamika juu ya waume zao na upara sijawahi kusikia, kufichwa ndio nasikia kila wiki. Na akishajua, huko kungoja mwaka mzima nywele zitoke utakuwa naye, yeye ndiye atakayekukagua kisogo na kukupulizia maji ya chumvi kichwani asubuhi.

Kwa harusi nenda kwa kinyozi mzuri akupunguzie zote zilingane fupi, ndevu akuchongee, na hio itakutoa vizuri kwenye picha. Wiki hii tafuta miadi ya daktari wa ngozi, uende na orodha ya dawa unazotumia na umwonyeshe kisogo kwanza kabla hata hajauliza. Kakako mwambie pesa azishike mpaka mwakani. Na huyo wa WhatsApp mwandikie kwamba hufanyi mpaka daktari akuone ana kwa ana, alafu akianza kukushushia bei usimjibu.